Grisi ya kupima inavyowatia hasara wenye kompresa Karatu

KARATU mjini biashara ya hewa haina msimu. Magari ya watalii yanayopanda kwenda lango la Lodoare, malori ya vitunguu kutoka Mang'ola, matrekta ya Rhotia na Mbulumbulu, bodaboda na hata baiskeli za wachuuzi, vyote kwa nyakati tofauti huishia mahali pamoja: kwa fundi mwenye kompresa.

Mkulima naye anaihitaji mashine hiyo kuliko inavyodhaniwa. Ndiyo inayopuliza vumbi kwenye filta ya trekta, na ndiyo inayosafisha rejeta ya mashine ya kuvunia ngano inapozibwa na makapi. Anapotaka kisima kirefu shambani, gari la wachimbaji huja likiwa limevuta kompresa kubwa ya magurudumu. Hiyo husukuma hewa hadi chini ya shimo, ikapiga nyundo ya kukatia mwamba na kupandisha juu mawe yaliyosagika.

Kompresa ndogo ya gereji hufanya kazi kwa mgandamizo wa takriban PSI 115 hadi 150. Ile ya kuchimbia visima huweza kupita PSI 300. Zote mbili ni mali ya fedha nyingi, na wengi wamezinunua kwa mkopo au kwa mauzo ya mazao ya misimu kadhaa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mashine hizo za gharama kubwa huharibiwa na kitu cha bei ndogo kuliko vyote vilivyomo ndani yake, yaani grisi. Katika maduka mengi ya spea, grisi bado huchotwa kwa kijiti kutoka kwenye ndoo iliyo wazi, ikafungwa kwenye kipande cha gazeti au kopo kuukuu, na mnunuzi akaondoka nayo bila kujua imetengenezwa na nani, kwa kazi gani, wala ilifunguliwa lini. Anachojua ni rangi tu: nyekundu, bluu, njano au nyeusi.

Mtindo huo wa grisi ya kupima umefika wakati uachwe. Hautaachwa kwa kusubiri wakaguzi kutoka Arusha au Dar es Salaam. Utaachwa siku mwenye mashine atakapokataa kununua asichokijua.

Grisi ina mahali pake

Kabla ya kuchagua grisi, ni lazima ifahamike inakwenda wapi. Hapa ndipo makosa mengi huanzia.

Grisi ni mafuta ya kulainisha yaliyoshikwa na kitu kizito mfano wa sabuni, ili yasitiririke. Kinacholainisha ni yale mafuta. Sabuni kazi yake ni kuyashikilia mahali pake na kuyatoa kidogo kidogo. Kwa hiyo grisi inafaa pale ambapo oili haiwezi kukaa: beringi za magurudumu ya kompresa ya kuvutwa, maungio ya mkono wa kuvutia, jeki ya mbele, bawaba za milango, na beringi za mota au feni zilizowekewa chuchu ya chuma ya kupokelea grisi.

Ndani ya kompresa yenyewe hakuna mahali pa grisi. Pistoni, shafti na beringi zake hulainishwa na oili ya kompresa iliyomo kwenye kasha la chini. Kompresa ya skrubu, ambayo ndiyo aina inayotumika zaidi kwenye uchimbaji, hulainisha beringi zake kwa oili ileile inayozunguka pamoja na hewa. Kitabu cha mashine hueleza oili gani itumike. Mara nyingi kompresa ya pistoni huhitaji uzito wa VG 100 na ile ya skrubu VG 46. Oili ya injini ya gari haichukui nafasi yake pasipo mtengenezaji kuruhusu, na oili chafu haina nafasi kabisa.

Fundi anayepaka grisi kwenye vali au ndani ya bomba la kutokea hewa, akidhani anaisaidia mashine, anaitega. Hewa inapobanwa hupata joto kali. Grisi iliyoko kwenye njia hiyo huungua, ikaacha masizi magumu yanayoziba vali. Vali ikishindwa kufunga, hewa ya moto hurudi na kubanwa tena, joto likazidi. Masizi ya namna hiyo yanaweza kushika moto ndani ya bomba.

Hatari kubwa zaidi iko kwa gereji zinazofanya pia kazi ya kuchomelea kwa gesi. Mtungi wa oksijeni, vali yake na mita zake havipakwi grisi wala oili hata tone. Oksijeni yenye mgandamizo mkubwa ikikutana na mafuta huweza kulipuka bila ya cheche yoyote. Mikono yenye grisi isifungue mtungi huo.

Makosa mengine ni madogo lakini yana gharama. Mkanda unaopiga kelele haupakwi grisi. Hukazwa au hubadilishwa. Ukingo wa tairi wakati wa kuvalisha haupakwi grisi, kwa kuwa mafuta hula mpira. Maji ya sabuni yanatosha. Aidha, beringi yenye alama ya 2RS au ZZ imefungwa kiwandani ikiwa na grisi yake. Kuifungua ili kuiongezea ni kuiingizia vumbi. Ikianza kupiga kelele inang'olewa na kuwekwa nyingine. Mota nyingi za kompresa ndogo hutumia beringi za aina hiyo, na wenye mashine hizo hawahitaji grisi kwa mota hata kidogo.

Hali ya hewa tatu ndani ya siku moja

Ushauri wa kitabu cha mashine huandikwa kwa ajili ya dunia nzima. Karatu na Ngorongoro zina mambo yao.

Mji wa Karatu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,200. Kuelekea upande wa pili, bonde la Ziwa Eyasi liko chini kwenye takriban mita 1,000. Kompresa ya kuvutwa inaweza kuamka kwenye ukungu na baridi ya ukingo wa kreta, ikapita kwenye vumbi jekundu la Karatu mchana, na jioni ikafika kwenye joto na vumbi la magadi la Eyasi.

Kwenye baridi, grisi nzito huganda na kukataa kusambaa. Beringi huanza kuzunguka ikiwa kavu. Kwenye joto, grisi nyepesi hulainika, ikavuja kupitia kwenye sili na kuacha chuma kitupu. Ukungu na matope ya mvua za masika huosha grisi isiyostahimili maji. Vumbi nalo, likichanganyika na grisi, hugeuka kuwa dawa ya kusagia vyuma. Fundi wa injini anaijua dawa hiyo na huitumia kusaga vali kwa makusudi. Kwenye beringi, kazi hiyohiyo hufanyika bila mtu kukusudia.

Mwinuko una jambo jingine. Kwenye mita 1,500 mgandamizo wa hewa ya kawaida ni kama asilimia 84 ya ule wa pwani, na kwenye mita 2,300 ni kama asilimia 76. Kompresa inayojaza tanki kwa dakika 5 Dar es Salaam itahitaji dakika 6 au zaidi ikiwa Karatu, na karibu dakika 7 ikiwa ukingoni mwa kreta. Mashine inafanya kazi muda mrefu zaidi kwa kazi ileile na inapata joto zaidi. Kwa hiyo anayehesabu muda wa kuhudumia mashine kwa idadi ya matairi aliyojaza anajidanganya. Ahesabu saa za kazi.

Joto lina kanuni yake inayofuatwa na watengenezaji wa beringi. Beringi ikishavuka nyuzi 70 za Selsiasi, kila nyuzi 15 zinazoongezeka hupunguza kwa nusu muda wa grisi kudumu. Beringi iliyostahili kuhudumiwa kila baada ya saa 2,000 ikiwa kwenye nyuzi 70, itahitaji huduma kila baada ya saa 1,000 ikiwa kwenye nyuzi 85, na saa 500 tu ikiwa kwenye nyuzi 100.

Rangi si jina

Mteja anayeomba "grisi nyekundu" hajaomba kitu. Rangi huwekwa na kiwanda kwa matakwa yake. Grisi mbili nyekundu zinaweza kuwa na asili tofauti kabisa, na nyekundu na bluu zikawa ndugu. Nyeusi mara nyingi imetiwa grafiti au unga wa molibdeni, lakini hata hilo halijulikani kwa kutazama, kwani weusi unaweza pia kutokana na uchafu.

Yapo mambo matatu ya kutafuta kwenye kopo.

La kwanza ni uzito wake, unaoandikwa NLGI na namba. Namba huanzia 000, ambayo hutiririka kama uji mwepesi, hadi 6, ambayo ni ngumu kama kipande cha sabuni. Kwa magurudumu na mota nyingi, namba 2 ndiyo inayofaa.

La pili ni aina ya sabuni iliyomo. Grisi ya kawaida ya kalsiamu huvumilia maji vizuri lakini haivumilii joto. Inapofika kwenye nyuzi 60 hivi huanza kushindwa, kwa hiyo inafaa bawaba na maungio yanayokwenda polepole, si gurudumu linalokimbia kwenye lami. Grisi ya lithiamu hufanya kazi hadi karibu nyuzi 120 na huvumilia maji kiasi. Lithiamu changamano, yaani ile iliyoandikwa "complex", hufika karibu nyuzi 150 na ndiyo nzuri zaidi kwa habu ya gurudumu iliyo karibu na breki. Grisi ya poliurea hupatikana sana kwenye beringi za mota za umeme.

La tatu ni herufi EP, ambazo huonyesha kuwa imeongezewa dawa ya kubeba mzigo mzito. Magurudumu ya kompresa ya kuvutwa yanaihitaji. Mota ya umeme inayozunguka kwa kasi bila mzigo mkubwa haiihitaji.

Baadhi ya makopo huandikwa kwa alama za Kijerumani, kama vile KP2K-20. Alama hiyo inasomeka kirahisi. K ya mwanzo ni grisi ya beringi, P ni ya mzigo mzito, 2 ni namba ya uzito, K ya pili inaonyesha mwisho wa joto ni nyuzi 120, na -20 ni baridi inayoweza kuvumiliwa. Mwenye duka anayejua kusoma alama hizo atauza kwa heshima zaidi kuliko yule anayejua rangi.

Hatari ya grisi ya kupima iko hapo hasa. Sabuni za aina tofauti nyingine hazipatani. Lithiamu ikichanganywa na poliurea au na grisi ya udongo inaweza kuyeyuka na kuwa kama maziwa, ikatoka yote kwenye beringi, ingawa kila moja peke yake ilikuwa nzuri. Ndoo ya dukani inayojazwa juu kwa chochote kilichopatikana ni mchanganyiko ambao hata muuzaji hawezi kuueleza. Anayebadili aina ya grisi hana budi kusafisha beringi yote kwanza.

Kiasi ni kidogo kuliko inavyodhaniwa

Imezoeleka kuamini kwamba grisi ikizidi haina madhara. Si kweli. Beringi inayozunguka kwa kasi ikijazwa pomoni hulazimika kuikoroga grisi yote ile, na kukoroga huzaa joto. Joto huyeyusha grisi, sili husukumwa nje, na mota iliyokuwa nzima huungua kwa sababu ya upendo uliopita kiasi. Nafasi iliyo wazi ndani ya beringi na kasha lake ijazwe theluthi moja hadi nusu tu.

Kwa beringi inayoongezewa grisi kupitia kwenye chuchu, ipo hesabu rahisi. Chukua kipenyo cha nje cha beringi kwa milimita, zidisha kwa upana wake, kisha zidisha kwa 0.005. Jibu ni gramu za grisi. Beringi namba 6309 ina kipenyo cha nje cha milimita 100 na upana wa milimita 25, kwa hiyo inahitaji gramu 12.5. Beringi ndogo namba 6205, yenye milimita 52 kwa 15, inahitaji karibu gramu 4.

Fundi hana haja ya kubahatisha gramu hizo. Asukume pampu yake ya grisi mara 10 juu ya kipande cha karatasi, akapime kwenye mzani mdogo wa duka la jirani, kisha agawe kwa 10. Atajua msukumo mmoja wa pampu yake ni gramu ngapi, na namba hiyo aiandike kwenye pampu yenyewe.

Kabla ya kusukuma, chuchu ifutwe kwa kitambaa safi. Tendo hilo la sekunde chache ndilo linaloamua kama kinachoingia ni grisi au ni vumbi la Karatu. Pampu ya mkono inaweza kutoa mgandamizo wa maelfu ya PSI, unaotosha kung'oa sili, hivyo isukumwe polepole. Grisi ikipenya kwenye ngozi ya kidole, hata kama kidonda kinaonekana kama tundu la sindano, mtu huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, kwani ndani nyama huanza kuharibika kabla maumivu hayajazidi.

Magurudumu ya kompresa ya kuvutwa

Kwa wachimbaji wa visima na wakandarasi wadogo, sehemu inayosahaulika kuliko zote ni magurudumu. Injini huangaliwa kwa sababu hulia. Gurudumu la tela halilii hadi siku linapochomoka.

Habu inayopita kwenye kijito ikiwa ya moto hupoa ghafla. Hewa iliyomo ndani hunywea, na maji hufyonzwa kupitia kwenye sili iliyochoka. Kutu huanza usiku huo. Safari inayofuata, beringi huanza kujila yenyewe.

Dawa yake inajulikana. Habu ifunguliwe, beringi zioshwe kwa mafuta ya taa au dizeli hadi grisi yote ya zamani itoke, kisha zikaushwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na kuachwa zipate hewa. Hapa lipo onyo kwa wenye kompresa hasa: beringi isizungushwe kwa mpira wa hewa. Vijana wengi wa gereji hupenda kuisikia ikivuma kwa kasi. Beringi kavu ikizungushwa namna hiyo huchubuka, na inaweza kupasuka na kurusha vyuma usoni.

Ikishakauka, grisi ijazwe kiganjani na beringi ikandamizwe ukingoni mwake hadi grisi itokeze upande wa pili kati ya kila rola. Sili iwe mpya. Nati ikazwe huku gurudumu likizungushwa, kisha ilegezwe kidogo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu, na pini ya kufungia iwe mpya. Baada ya mwendo wa kilomita 10 au 20, dereva asimame aguse habu kwa tahadhari. Ikiwa na uvuguvugu ni sawa. Ikiwa mkono haukai, kuna kasoro, na safari isiendelee.

Mkulima anayechimbiwa kisima ana swali lake la kuuliza pia. Nyuzi za mabomba ya kuchimbia hupakwa grisi ili zisikwame, na baadhi ya grisi hizo zina risasi, zinki au shaba. Kwa kisima cha maji ya kunywa, mkulima anayo haki ya kudai grisi iliyotengenezwa kwa ajili ya visima vya maji, isiyo na madini hayo. Ni vema pia mikataba ya visima vya vijiji inayosimamiwa na RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, ikalitaja jambo hilo waziwazi badala ya kuliacha kwenye hiari ya mchimbaji.

Hoja za mafundi

Mafundi wanazo hoja zao, na si za kupuuzwa. Wanasema mteja hataki kulipia grisi nzuri. Wanasema kopo zima ni ghali kwa gereji ya chini ya mti, na kwamba grisi ya kupima humwezesha mtu mwenye fedha kidogo kuhudumia mashine yake leo badala ya kungoja mwezi ujao.

Hoja ya kwanza ni kweli nusu. Mteja hataki kulipia asichoelezwa. Akionyeshwa kopo lenye jina, namba na tarehe, akaelezwa kwamba beringi yake haikupakwa mchanganyiko wa ndoo, wengi wataelewa.

Hoja ya kopo kuwa ghali haistahimili hesabu. Kopo la nusu kilo lina gramu 500. Kwa beringi inayohitaji gramu 4, kopo hilo linatosha zaidi ya mara 120. Kwa ile inayohitaji gramu 12.5, linatosha mara 40. Gereji mbili au tatu za jirani zinaweza kuchanga na kununua kopo moja la lithiamu namba 2 yenye EP, ambalo litafaa kwa kazi nyingi za magurudumu na maungio, na kugawana gharama. Hakuna haja ya kununua aina tano. Kinachotakiwa ni aina moja au mbili zinazojulikana, zilizofunikwa, na pampu moja kwa kila aina ili zisichanganyike.

Hoja ya tatu, ile ya fedha kidogo, ndiyo nzito. Lakini dawa yake si ndoo iliyo wazi. Mwenye duka anaweza kufungasha grisi kwenye vikopo vidogo vyenye vifuniko, akabandika jina la kiwanda, aina, namba ya NLGI na tarehe aliyofungua kopo kubwa. Hilo halihitaji kiwanda, linahitaji kalamu na uaminifu.

Kila mmoja na wajibu wake

Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lina jukumu la kusimamia ubora wa bidhaa, na Tume ya Ushindani, FCC, hushughulikia bidhaa bandia. Wafanyabiashara wanaojaza makopo ya majina makubwa kwa grisi isiyojulikana wanastahili kufikiwa na vyombo hivyo, na wanunuzi wanaogundua udanganyifu wanastahili kuripoti badala ya kunung'unika vijiweni. SIDO na vyuo vya VETA navyo vingefanya jambo la maana kuwapatia mafundi wa Karatu mafunzo mafupi ya siku moja au mbili juu ya mafuta na grisi, yakifanyika gerejini na si darasani.

Mazingira nayo yasisahaulike. Maji yanayofufuka kwenye chemchemi za Mang'ola na kumwagilia vitunguu hutegemea msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro. Grisi chakavu na oili chafu zinazomwagwa kwenye makorongo ya mjini hufuata mteremko uleule. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza uchafuzi wa namna hiyo, lakini hata bila sheria, mkulima wa vitunguu hana sababu ya kunywesha shamba lake mabaki ya gereji. Yakusanywe kwenye pipa lenye kifuniko na kukabidhiwa kwa wanaoyapokea kihalali.

Mwenye kompresa ndiye wa mwisho na ndiye mkubwa kuliko wote. Mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa uingizaji wa mbaazi, bei iliporomoka na wakulima wengi wa kaskazini wakabaki na magunia ndani. Hakuna mkulima wa Karatu aliyekuwa na uwezo wa kuizuia hasara ile. Hasara ya beringi ni ya aina nyingine. Haiamuliwi New Delhi. Inaamuliwa dukani, mnunuzi anapouliza jina la anachopewa, na inaamuliwa gerejini, fundi anapofuta chuchu kabla ya kusukuma pampu.

Mchimbaji aliyekwama siku mbili njiani kwa gurudumu lililojifunga haitupi hasara hiyo porini. Huiweka kwenye bei ya kisima kinachofuata. Fundi aliyeunguza mota hupandisha bei ya kuziba pancha. Mwisho wa yote anayelipa ni mkulima yuleyule, pamoja na mchuuzi wa baiskeli aliyekuja kutia upepo asubuhi.

Daftari dogo lenye tarehe, saa za kazi, aina ya grisi na idadi ya misukumo linatosha kuanza. Litundikwe kwenye kompresa yenyewe, na kalamu ifungwe kwa uzi pembeni yake ili isipotee.